Ramani Tupu si Nchi Tupu: Jinsi ya Kutumia Data za Bioanuwai Kabla Tingatinga Halijaingia

Novemba 2020, mti mmoja wa mugumo kwenye barabara ya Waiyaki Way, pale Westlands jijini Nairobi, ulinusurika kukatwa ili kupisha barabara mpya ya Nairobi Expressway. Uliokolewa na amri ya rais, baada ya wananchi kupiga kelele. Nilishangilia kama wengine. Lakini ukiutazama mkasa ule kwa jicho la kazi, swali linabaki: mti mkubwa kiasi kile, ambao kila abiria wa matatu za Kangemi anaujua, ulikuwa wapi kwenye michoro? Kupinda mstari kwenye karatasi ni kazi ya asubuhi moja. Kuupinda mkandarasi akiwa ameshaleta mashine ni kazi ya Ikulu.

Mwongozo huu wa kutumia data za bioanuwai, yaani kumbukumbu za aina za viumbe walioko mahali fulani, ni wa ofisa wa kampuni aliyeambiwa juzi kwamba "mambo ya mazingira" sasa ni yake, na wa ofisa mipango wa kaunti ambaye mafaili ya ujenzi yamemjazia meza. Chama cha wakazi nacho kitaokota chake.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Kampuni inataka kujenga maghala kwenye ekari 40 upande wa Kitengela, kusini mwa Nairobi National Park. Mbuga hiyo, iliyotangazwa 1946 na yenye kilomita za mraba 117, ina ua upande wa mjini, lakini kusini imeachwa wazi kuelekea nyanda za Athi-Kapiti. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia hutoka kwenda nyandani. Kiangazi kikikaza hurudi mbugani kufuata maji. Shika hilo la misimu, tutalirudia.

Hatua ya 1: Andika uamuzi kabla ya kufungua kompyuta

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuanza kwa kukusanya data. Anapakua rekodi elfu kumi, anachora ramani yenye rangi za kupendeza, kisha anauliza, "Sasa hii tuifanyie nini?" Geuza mpangilio. Andika sentensi moja inayotaja nani ataamua, lini, na kati ya nini na nini. Kwa mfano: "Bodi itaamua tarehe 15 Machi kama kampuni inunue kiwanja A, kiwanja B, au isinunue kabisa."

Kama hakuna B, na amana ya A imeshalipwa, sema wazi kwamba kilichobaki kuamuliwa ni jinsi ya kujenga, si mahali pa kujenga. Hiyo bado ni kazi ya maana, ila ni ndogo zaidi, na usimruhusu mtu aiite kwa jina la ile kubwa. Mimi huwaambia wateja wanipigie simu kabla ya kumpigia wakili wa ardhi. Ni wachache wanaosikia.

Hatua ya 2: Panua mpaka

Hati miliki ina mipaka minne, lakini nyumbu hajaisoma. Kwa maghala yetu, chora mduara unaofika mbugani upande wa kaskazini na unaoingia nyandani upande wa kusini, kisha jiulize wanyama wanapita wapi kati ya pande hizo mbili. Ekari 40 zilizo katikati ya mapito zinaweza kuleta madhara kuliko ekari 400 zilizo pembeni.

Kwa mradi unaogusa maji, fuata maji. Kinachomwagwa katika mto Nairobi huingia mto Athi, na Athi ndio unaofika Bahari ya Hindi karibu na Malindi ukiitwa Sabaki.

Hatua ya 3: Kusanya kilichopo, kwa mpangilio

Anza na tabaka la maeneo yanayolindwa: mbuga, misitu ya serikali, hifadhi za jamii. Ramani zake ziko kwenye tovuti ya Protected Planet. Juu yake weka Maeneo Muhimu ya Bioanuwai, yaani yale yanayotambuliwa kwa kigezo kimoja cha dunia kilichowekwa 2016, yawe yanalindwa kisheria au la. Tofauti hiyo ina uzito. Sehemu inaweza kuwa shamba la mtu binafsi na bado iwe muhimu kwa ndege fulani kuliko mbuga ya jirani.

Tabaka la pili ni rekodi za viumbe. Ghala kubwa kuliko yote ni GBIF, lililoanzishwa 2001 na lenye makao Copenhagen. Lina zaidi ya rekodi bilioni 2 na kupakua ni bure ukijisajili. Kila upakuaji hupewa kitambulisho cha kudumu. Kinakili kwenye ripoti yako, maana mwaka ujao mtu atakuuliza ulitazama nini hasa. Kwa ndege wa Kenya usiache Kenya Bird Map, ambayo tangu 2013 imegawa nchi katika vyumba vya takriban kilomita 9 kwa 9 na kuhesabu pia juhudi za watazamaji, jambo ambalo utaliona thamani yake baadaye. Makumbusho ya Taifa yana vielelezo vya mimea na wanyama vilivyokusanywa kabla mitaa mingi ya leo haijakuwepo.

Tabaka la tatu ni Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, iliyoanza 1964, inayopanga spishi kwa ukubwa wa hatari ya kutoweka. Ilinganishe na orodha ya Kenya yenyewe, Jedwali la Sita la Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kwa sababu mnyama anaweza kuwa na nafuu duniani na hali mbaya hapa kwetu. Kisha picha za setilaiti. Global Forest Watch huonyesha miti iliyopotea tangu 2000 katika vipimo vya mita 30 kwa 30, ila haitofautishi vizuri msitu na shamba la mikaratusi, na kwa nyasi za Athi-Kapiti haina la kukwambia. Mtu akikuletea ramani ya miti kuthibitisha kwamba uwanda wa nyasi "hauna kitu", mrudishie.

Onyo kwa kampuni: bure si ruhusa. Rekodi nyingi za iNaturalist, mtandao ambamo mtu yeyote huweka picha za viumbe alivyoviona, hubeba leseni isiyoruhusu matumizi ya kibiashara, na ramani za Orodha Nyekundu ni za bure kwa kazi zisizo za faida tu. Kampuni hupitia IBAT, huduma ya mtandaoni ya data hizo, ambayo hulipiwa. Soma safu ya leseni katika jedwali kabla mwanasheria wa mtu mwingine hajaisoma.

Hatua ya 4: Safisha, na usimwachie mwanafunzi wa likizo peke yake

Hapa ndipo siku zako nyingi zitaishia, na ndipo hila nyingi zimejificha.

Nairobi iko takriban digrii 1.29 kusini mwa ikweta na 36.82 mashariki. Katika jedwali, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -1.29. Mwingizaji akiisahau alama hiyo, ndege wa Nairobi anahamia karibu na Maralal, Samburu. Akibadilisha nafasi za namba zile mbili, ndege huyo anazama katika Bahari ya Mediterania, kati ya Hispania na Algeria. Kosa hili la pili utalicheka na kulifuta. La kwanza ndilo baya, maana bado liko Kenya, lina jina la kaunti, na linafanana na ukweli.

Kisha tazama desimali. Katika eneo letu la ikweta, desimali moja ya digrii ni karibu kilomita 11, mbili ni kilomita 1.1, tatu ni mita 110. Ekari 40 ni kama mita 400 kwa 400. Kwa hiyo rekodi yenye desimali mbili haiwezi kukuambia kama ndege aitwaye korongo taji alisimama ndani ya kiwanja chako au kwa jirani. Usiitupe, maana bado inasema yuko maeneo hayo. Usiibandike tu kama nukta ndani ya mpaka ukaiita ushahidi.

Vielelezo vya zamani vina ugonjwa wao. Mkusanyaji wa miaka ya 1920 aliandika "Nairobi" kwenye kibandiko, na miaka mingi baadaye mtu akaipa rekodi hiyo nambari za katikati ya jiji. Ukiona mimea ya msituni imerundikana juu ya kituo cha basi cha Kencom, ujue unaangalia kibandiko, si mmea.

Mwisho wa usafishaji ni kutambua nukta zilizofichwa makusudi. Faru, kwa mfano, hawaonyeshwi mahali pao halisi. iNaturalist huitupa nukta ya spishi iliyofichwa popote ndani ya kisanduku cha digrii 0.2, yaani kama kilomita 22 kila upande. Faru wa Nairobi National Park anaweza kuonekana kwenye ramani amesimama katikati ya mtaa wa Eastleigh. Mhandisi akicheka, mweleze sababu: nukta sahihi ni zawadi kwa jangili. Ukihitaji mahali halisi, omba rasmi kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, au Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori iliyoko Naivasha, na ukipewa usiibandike katika ripoti itakayotumwa kwa watu arobaini.

Hatua ya 5: Soma matundu

Ukiwa na muda wa hatua moja tu, chagua hii.

Rekodi hazionyeshi viumbe walipo. Zinaonyesha mahali ambapo viumbe na watu wenye darubini walikutana. Ndiyo maana nukta hujazana msitu wa Karura, bustani ya Arboretum na ndani ya mbuga, hufuata barabara nzuri, na hupungua ghafla ukifika mahali ambapo hakuna anayeenda kutembea Jumapili. Eneo la viwanda likiwa tupu kwenye ramani, huenda hakuna ndege, au huenda hakuna mtu aliyewahi kusimama pale akatazama. Ramani peke yake haitakwambia ni lipi.

Namna ya kutofautisha ni kuuliza juhudi kwanza. Kwa kila kisanduku cha ramani, hesabu ni mara ngapi watu waliandika orodha kamili ya ndege waliowaona, kabla ya kuhesabu spishi. Chumba chenye orodha 80 na hakuna karani tamba, ndege mkubwa wa nyandani mwenye miguu mirefu, kinakwambia kitu. Chumba chenye orodha 2 hakijakwambia chochote. Chora ramani mbili bega kwa bega, ya juhudi na ya viumbe, na mahali ambapo juhudi ni ndogo paka kijivu. Usipaache peupe wala usipake kijani. Nimeona mkurugenzi wa fedha akibadilisha swali lake papo hapo kwa sababu ya kijivu hicho tu. Mpaka dakika ile, ile ramani nyeupe aliyokuwa ameletewa ilikuwa inamuuzia mbuzi kwenye gunia.

Usihukumu kwa idadi ya spishi pia. Bustani ya nyumba ya mtaa wa Lavington yenye miti ya kigeni na beseni la maji inaweza kukupa orodha ndefu kuliko uwanda wa nyasi. Lakini karani tamba, aliyepandishwa daraja la walio hatarini kutoweka mwaka 2020, hatataga Lavington.

Hatua ya 6: Nenda uwanjani kwa msimu unaofaa

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya uchunguzi wa kiwanja kimoja mwezi Agosti kwa mteja aliyekuwa na haraka. Ardhi ilikuwa kavu, imepasuka, mbuzi watatu na mifuko ya plastiki. Nikaandika kwamba thamani ya makazi ni ndogo. Wakati naondoka, mlinzi wa lango akaniambia, "Mkubwa, wewe umekuja vibaya. Hapa mvua ikinyesha ni ziwa." Nikamshukuru, nikapanda gari. Mwishoni mwa Novemba nilipita tena kwa shughuli nyingine: maji ya magotini, vyura wanapiga kelele mchana kweupe, korongo taji wawili na ndege wa majini ambao sikuweza kuwahesabu nikiwa barabarani. Ripoti yangu ilikuwa imeshasainiwa.

Tangu siku hiyo nina kanuni tatu. Kwanza, ziara mbili kwa uchache, moja ya kiangazi na moja ya mvua. Ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wako hapa kati ya Oktoba na Aprili. Uchunguzi wa Julai huwakosa karibu wote. Na kwa kiwanja chetu cha Kitengela, kiangazi ndicho kipindi ambacho wanyama wako mbugani, kwa hiyo mtu akitaka kiwanja kionekane kitupu, anajua mwezi wa kumtuma mtaalamu. Pili, mwulize anayelala pale: mlinzi, mchungaji, mzee wa Kimaasai ambaye ng'ombe wake hupita hapo. Andika alichosema pamoja na tarehe, kama rekodi, si kama hadithi ya pembeni. Tatu, kama muda hautoshi, andika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza kwa herufi za kawaida, si kwenye kiambatisho cha saba.

Hujui pa kupata macho yaliyozoea? Nature Kenya, ambayo mizizi yake ni chama cha mwaka 1909, ina matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho. Nenda mara tano. Utajifunza, na utajua nani wa kumwajiri.

Hatua ya 7: Geuza data kuwa masharti

"Eneo lina umuhimu wa kiikolojia" si uamuzi. Sharti lina sura ya "ikiwa hivi, basi vile", na huandikwa kabla matokeo hayajajulikana, ili mtu asije akalivuta baadaye. Kwa maghala yetu: ikiwa mapito ya wanyama yanakatiza kiwanja katika msimu wowote, kampuni inachagua B. Ikiwa yanapita pembeni, ua unarudi nyuma na taa za usiku zinaelekezwa chini. Ikiwa karani tamba ana kiota ndani ya umbali uliokubaliwa na mtaalamu, ujenzi hauanzi hadi makinda yaruke.

Yapange masharti kwa ngazi inayojulikana: kwepa madhara, yapunguze, rejesha kilichoharibika, na mwisho kabisa fidia. Wafanyabiashara hupenda kurukia ya mwisho, kwa sababu kupanda miche elfu moja mahali pengine kuna picha nzuri. Miche haifidii uwanda wa nyasi. Huuharibu.

Mfano wa kupunguza uliofikiriwa uko Kajiado, katika mradi wa umeme wa upepo wa Kipeto wa megawati 100. Wapo watazamaji wanaokagua anga, na tumbusi akikaribia, mtambo husimamishwa. Hiyo ni data inayofanya kazi kila saa. Daraja la reli ya SGR linalopita juu ya Nairobi National Park nalo ni kupunguza: limeinuliwa ili wanyama wapite chini. Ubishi uliokuwepo ulihusu ngazi ya kwanza, kama njia ilipaswa kupita pale hata kidogo, na ubishi huo haujibiwi kwa urefu wa nguzo.

Kampuni inayotafuta mkopo wa kimataifa ikumbuke Kigezo cha 6 cha IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, cha mwaka 2012: mradi ukigusa makazi nyeti kabisa, haitoshi kuviacha viumbe vilivyokuwa, lazima viumbe waliolengwa waishie na hali bora kuliko mwanzo. Na ukiulizwa kuhusu kuripoti kwa utaratibu wa TNFD wa Septemba 2023, unaotaka kampuni zieleze uhusiano wao na mazingira asilia, ujue hatua yake ya kwanza kabisa ni kutaja mahali. Ripoti isiyo na mahali, yenye picha ya twiga jaladani, haijaanza.

Hatua ya 8: Ukurasa mmoja, na kwa wakati wake

Mwamuzi hatasoma kurasa 180. Mpe ukurasa wenye sentensi ya uamuzi kutoka hatua ya 1, ramani moja yenye kijivu chake, chaguo mbili au tatu zenye gharama kwa shilingi, na mstari unaosema una uhakika kiasi gani na kwa nini. Faharasa za kitakwimu ziweke nyuma.

Kwa kaunti, wakati ni kalenda ya bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ramani nzuri ya kingo za mito ikifika Mei, itasifiwa na kuwekwa kabatini hadi mwaka mwingine. Ikifika Agosti ina nafasi ya kuwa mradi wenye namba. Bora zaidi, iingizwe kama tabaka katika mfumo wa vibali vya ujenzi, ili faili la kiwanja kinachogusa kinamasi au mapito lisimame lenyewe bila kutegemea kumbukumbu ya ofisa ambaye huenda kesho akahamishwa.

Chama cha wakazi kina milango miwili. Tangazo la NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kuhusu tathmini ya athari za mazingira kwa kawaida huwapa wananchi siku 30 za kutoa maoni. Humo usiandike "tunapinga", andika ni msimu gani uchunguzi ulifanyika na ni upi ulirukwa. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako. Omba data ghafi, si ripoti peke yake.

Hatua ya 9: Rudi, na urudishe

Weka vituo vichache vya kudumu, hata vinne. Rudi mwezi ule ule, saa ile ile, kwa njia ile ile, ukitumia dakika zile zile. Ukibadilisha mtazamaji, wa zamani na mpya watazame pamoja mara moja kabla ya kuachiana kazi, la sivyo utapima tofauti ya masikio yao. Andika pia ulichokitafuta ukakikosa. Sifuri iliyoandikwa ina faida, nafasi iliyoachwa wazi haina.

Kisha ichapishe data GBIF, ukificha wale wa kufichwa. Kampuni nyingi hulipa fedha nyingi kwa uchunguzi, halafu hufungia majedwali ndani ya PDF. Weka sharti hilo katika mkataba wa mtaalamu kabla hajalipwa awamu ya mwisho: jedwali, si picha ya jedwali. Chumba cha ramani kilichokuwa kijivu mwaka huu kitakuwa na orodha yako ndani, na atakayekuja na tingatinga lake upande wa pili wa barabara ataikuta.

Faili lipe jina lenye tarehe. Nakala moja ibaki kwa kampuni, moja kwa kaunti, na moja kwa mlinzi wa lango kama anataka. Wa kwangu alitaka, na mvua zilizofuata alinitumia picha.